Toba na Deni: Mjadala wa Baraza ya Ujiji

Zinapobaki siku mbili tatu Shaaban kwisha, watu wa Ujiji, kama walivyo Waislamu wa Mrima na wa Visiwani, hutakana radhi. Zamani jambo hilo lilikuwa la miguu: mtu alitoka kwake baada ya sala ya Alasiri, akapita kwa shangazi aliyemnunia, kwa jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa ua, kwa mdeni wake na kwa mwia wake, akabisha hodi, akakaribishwa au asikaribishwe, na maneno yake yakakutana na uso wa mtu. Siku hizi radhi husafiri kwa simu: ujumbe mmoja, aghalabu uliotungwa na mtu asiyejulikana, uliopambwa kwa hilali na taa, hupelekwa kwa watu mia kwa mguso mmoja wa kidole, na mia hao huurudisha kama ulivyowafikia, kisha kila mmoja akalala akidhani dhima yake imetakata. Waama sina ugomvi na simu, maana wapo wenye ndugu Muscat na Kalemie ambao miguu haiwezi kuwafikia. Ninachouliza ni kama aliyepelekewa ujumbe huo anajua anaombwa kusamehe nini.

Swali hilo ndilo lililozaa mjadala huu, nao si mkutano uliofanyika siku moja mahali pamoja. Nimewakalisha barazani watu wa namna nne ambao mji huu huwaona kila siku, nimewatilia kinywani hoja zinazosikika msikitini, mwaloni na sokoni, na majina nimeyaacha, kwa kuwa muradi wangu ni hoja. Siku niliyoichagua ni ya kumi na tisa ya Ramadhani. Wakati ni ule ambao redio za Dar es Salaam zimekwisha kuadhini Magharibi na watu wa Dar wanatia tende mdomoni, ilhali sisi wa Kigoma, tulio magharibi ya pwani kwa kadiri ya nyuzi kumi, tuna dakika arobaini hivi za kungoja, na jua limekaa waziwazi juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Mgeni aliyezoea saa ya pwani huweza kuifungua saumu yake kwa adhana ya mbali, akailipa baada ya Idi. Wenyeji huutumia muda huo kwa maneno.

MWALIMU: Vijana wangu wa chuoni huanza kwa Riyadhi Salihina ya Imamu Nawawi, na karibu na mlango wa kitabu hicho wamekaa masharti ya toba. Dhambi ikiwa baina ya mja na Mola wake, masharti ni matatu: aiache, aijutie, na aazimie kutoirudia. Dhambi ikiwa inamhusu mja mwenziwe, huongezeka sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake, au kumwendea amhalalishe. Watu wameyahifadhi yale matatu kwa kuwa hufanyika mtu akiwa amelala kitandani. La nne hutaka mtu ainuke. Na Mtume, alipowaeleza masahaba muflisi wa kweli ni nani, hakuwatajia mtu asiyefunga wala asiyesali. Aliwatajia mtu aliyekuja Kiyama na saumu zake zote, kisha zikagawiwa watu aliowadhulumu mpaka akabaki mikono mitupu. Basi anayefunga juu ya mali ya mtu anamfungia yule mtu. Njaa ni yake, thawabu ni ya mwingine.

MVUVI: Maalim, maneno yako ni haki tupu, lakini yamekaa nchi kavu. Niruhusu niyapeleke majini. Dagaa hufuata taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Ndiyo maana mwezi unapopevuka vyombo hupumzika, nyavu hushonwa, na mvuvi hulala kwake kama watu wengine. Sasa tazama Ramadhani ilivyopangwa. Kumi la kwanza mnaliita la rehema, la pili la maghufira, la tatu la kuachwa huru na Moto. Hilo la maghufira ndilo lenye mbalamwezi, na mwaka huu nimelipata sehemu kubwa, nimesali Tarawehe safu ya mbele mpaka watu wakauliza huyu ametoka wapi. Bali kumi la mwisho, ambalo ndani yake mnautafuta usiku wa Lailatulkadri, ndilo lenye giza, na giza ndiyo riziki yetu. Wenzangu wa mjini wataingia itikafu, nami nitaingia chomboni. Usiku wa leo mwezi utachelewa kutoka, kwa hiyo tunashuka. Je, mwenye kazi kama yangu amenyimwa msamaha kwa sababu ya kalenda?

(Mgawanyo huu wa mafungu matatu ni mashuhuri mimbarini, ingawa wanazuoni wa hadithi wameitia dosari isnadi yake. Mwalimu aliyajua hayo, ila hakutaka kumkata mvuvi kauli.)

MWALIMU: Hukunyimwa. Anayetafuta chakula cha watoto wake kwa njia ya halali yumo katika ibada, na istighfari haikuwekewa sharti la paa. Usiku huo ukiwapitia wa msikitini, utaupitia na ulimi wako ulio juu ya maji, na dua ambayo Bi Aisha alifundishwa aiombe usiku huo ni fupi kiasi cha kuwa mtu aweza kuisema huku anavuta kamba. Hofu yangu juu yako ni nyingine. Chomboni humo uko na watu, nao wakishuka asubuhi wanangojea mgao. Mafuta ya injini hutolewa kwanza, chombo na wavu huchukua fungu lao, kisha wavuvi hugawana kinachobaki. Na mwenye kuhesabu mafuta ni wewe peke yako. Giza unalolilalamikia ni la usiku. Mimi nauliza habari za giza la hesabu.

MVUVI: Aa, Maalim, umenishika pabaya. Hilo tuliweke kando kwanza, nitalirudia mwenyewe.

MAMA: Mwacheni apumue. Nami Maalim, kwa heshima yako, nina jambo la mwaloni Kibirizi ambalo limenikaa kifuani. Sisi tunanunua dagaa wabichi vyombo vinapofunga asubuhi, tunawaanika juu ya vichanja au mchangani, tunawageuza, tunawaokota kabla ya umande, na mvua ya masika ikituwahi mtaji wote unaoza kwa siku moja. Wakikauka tunawauza kwa sado. Nanyi nyote mnaijua sado: kopo la rangi la lita nne. Sasa mtu akichukua kopo hilo, akaligeuza, akaligonga kitako kwa jiwe mpaka kikaingia ndani kama kisahani kilichofunikwa, juu linabaki lile lile, mdomo ule ule, na mnunuzi akiliona limefurika hushukuru. Chini amepunjwa. Kiganja kimoja kwa kila sado, na gunia lina sado nyingi, na magunia yamekwenda Tabora, Dodoma na Dar es Salaam tangu reli ilipofika hapa mwaka 1914. Sikuligonga mimi kopo langu. Nililinunua limekwisha kugongwa, nikajua, nikalitumia.

MWALIMU: Kujua ndiko kunakokufunga. Iko sura nzima katika Kurani iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, nayo haikutofautisha aliyegonga na aliyenunua.

MAMA: Hilo nimekubali, na kopo nimelitupa tangu Rajabu. Nimenunua jipya, na juu ya hilo jipya naongeza mkono mmoja kwa kila anayenunua. Lakini usingizi haukurudi, maana yule ninayemwongeza leo siye niliyempunja juzi. Niliyempunja simjui. Huenda ni mama ntilie wa Tabora, huenda ni askari, huenda ni mtu aliyekwisha kufa. Maalim anasema nimwendee mwenye haki anihalalishe. Nipande treni nikabishe hodi kila nyumba kutoka hapa mpaka Kariakoo?

MWALIMU: Usipande treni. Wanazuoni walilifikiria jambo lako kabla hatujazaliwa. Mali ikiwa mkononi mwa aliyetubu, na mwenyewe haijulikani aliko wala warithi wake hawajulikani, Imamu Ghazali amesema, na Nawawi akamnukuu akakubali, kwamba itolewe katika manufaa ya watu wote, kama madaraja, njia na misikiti, au wapewe mafukara. Nawe utanuia kuwa unaitoa kwa ajili ya wenyewe. Hutoi sadaka yako wewe. Unafikisha amana kwa njia ya kuzunguka. Keti uhesabu: umetumia kopo lile kwa muda gani, magunia mangapi kwa makisio, kiganja mara ngapi, bei yake nini. Kisia kwa juu mpaka moyo wako utulie, kisha itoe, na usitake kuandikwa jina lako ukutani.

Hapa nataka kuingilia, kwa maana katika miaka yote ambayo nimesikiliza darasa za Ramadhani, sikumbuki kusikia hesabu kama hiyo ikifanywa mbele za watu. Tumezoea kusikia machozi yakisifiwa. Machozi ni jambo jema, na mwenye moyo mgumu ana msiba. Walakini mtu aweza kulia usiku kucha katika safu ya kwanza na asubuhi akaondoka na kopo lile lile kwenda Kibirizi. Kinachonivuta katika maneno ya Mwalimu ni kwamba ameitoa toba katika koo akaitia katika vidole vya kuhesabia. Ghazali huyo huyo, alipoigawa saumu katika daraja tatu, ya watu wa kawaida ikaishia kwenye tumbo na tamaa za mwili, na ya walio juu yao ikafika kwenye jicho, ulimi, sikio, mkono na mguu. Na mkono, kwa wafanyabiashara, ni kipimo.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Mnazungumza habari za sado, nami nataka kuuliza habari za mji mzima. Chini ya miembe ile yenye mnara wa kumbukumbu, watalii huonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mimi nimesoma kilichotokea siku chache kabla ya hapo. Livingstone aliporejea Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, tarehe 23 Oktoba kwa hesabu yake mwenyewe, alikuta bidhaa zake zilizoletwa kutoka pwani zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa, ambaye katika shajara yake anamwita Shereef. Yadi 3,000 za nguo, haikubaki hata moja. Shereef alieleza kwamba alipiga ramli kwa msahafu, akaambiwa mwenye mali amekufa. Kisha, pasipo haya, alimwendea kumpa mkono. Na aliponyimwa mkono alinuna kama yeye ndiye aliyeonewa, akaendelea kuja kila siku kumtolea salamu za heri. Nikageuza tarehe kwa mwaka wa Kiislamu: ilikuwa Shaaban ya 1288. Msimu huu huu wetu wa kutakana radhi, na katika mji huu huu.

MVUVI: Kumbe ujumbe wa simu ulianza zamani!

KIJANA: Ndiyo, mjomba, ila hicho si nilichotaka kukisema. Nguo zile zilikwenda wapi? Livingstone aliandika kwamba zilinunuliwa watumwa na pembe za ndovu. Livingstone alikuwa na kalamu. Dai lake likapigwa chapa London mwaka 1874, na mpaka leo tunamwonea huruma. Wale walionunuliwa kwa zile yadi, dai lao limeandikwa wapi? Yeye mwenyewe alikuwa anatoka Nyangwe, alikoshuhudia tarehe 15 Julai mwaka ule ule watu wa misafara wakiwafyatulia bunduki akina mama sokoni. Akina mama wale ni Wamanyema. Wengi wa Ujiji wanajiita Manyema. Mwongo mmoja baadaye aliyetamba pwani hizi za ziwa ni Rumaliza, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, na wengi wetu tuna damu ya waliofunga kamba na ya waliofungwa, katika mishipa ile ile. Tunasimama safu moja, bega kwa bega, Tarawehe rakaa ishirini. Nani amemtaka radhi nani?

MWALIMU: Mwanangu, umefungua sanduku ambalo wazee wetu walilikalia. Sitakuambia halina kitu. Nitakuambia kwanza habari ya mtu mmoja. Mtoto alichukuliwa utumwani kutoka nchi hizo za Kongo, akavushwa, akatembezwa njia ya Tabora mpaka Bagamoyo, akauzwa katika nyumba ya akina Lamki. Akasoma. Akawa Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu walimwita Sheikh Ramiya, khalifa wa tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 hapakuwa Bagamoyo na sauti ya dini iliyokuwa juu ya yake. Mungu humwinua amtakaye.

KIJANA: Mungu alimwinua, sikatai, na najivuna kwa ajili yake. Lakini aliyemuuza alimwambia nini? Kuinuliwa kwake hakukuwa malipo ya aliyemuuza. Tena kila tukitaja wakubwa waliotoka utumwani tunapumzika, kana kwamba mmoja akifika juu, elfu waliokufa njiani wamelipwa. Wajerumani waliwaacha huru watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 tu, wazazi wao wakangoja mpaka sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Aliyewafungua ni karani wa serikali. Kwa nini si sisi, katika Ramadhani mojawapo ya zile zilizopita?

MWALIMU: Wapo waliowaacha huru watumwa kwa kafara na kwa kutaka radhi ya Mungu, na Kurani imelihimiza jambo hilo mahali pengi. Lakini hukuuliza habari ya mmoja mmoja. Nakujibu hivi: aliyeuza amekufa, aliyeuzwa amekufa, na mizani yao iko mbele ya Hakimu asiyehitaji shahidi. Mimi sitachukua dhambi ya babu yangu, wala wewe huwezi kumsamehe mtu kwa niaba ya babu yako. Lililo katika dhima yetu ni lile tunaloendelea kulishika.

KIJANA: Vema. Basi tuliangalie tunaloendelea kulishika. Posa inapelekwa, kijana ana dini, ana kazi, ana adabu, inarudi. Ukiuliza, hupewi sababu. Ukikaa na bibi kizee jikoni, unaambiwa kwa kunong'onezwa kwamba babu yake aliletwa. Aliletwa! Na mwanazuoni akiulizwa, hufungua kitabu cha fikihi kiitwacho Minhaji kwenye mlango wa kufu, yaani ulinganifu wa wanaooana, akaonyesha kuwa nasaba na uungwana vimehesabiwa. Maalim, kitabu hicho unakisomesha wewe.

MWALIMU: Nakisomesha. Na katika mlango huo huo nasomesha, ila wenye kuja kuniuliza huwa wamekwisha kusimama waondoke, kwamba kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia kuiacha, ndoa ni sahihi haina doa. Haki inayoweza kuachwa, na ambayo kuishika kwake kunamrithisha mjukuu fedheha ya kamba aliyofungwa babu yake, basi aiache anayetaka kutubu. Walii anayeirudisha posa kwa sababu hiyo mwezi wa Shaaban, kisha akaenda Tarawehe akalia, mimi sijui analilia nini.

Katika mjadala wote hili ndilo jibu nililolipenda zaidi, na si kwa kuwa limemaliza swali la kijana. Halikulimaliza. Dai la walionunuliwa kwa yadi za Livingstone halina mlango wa kubishwa hodi, na mtu asidhani kuwa ndoa moja au mia zitalilipa. Walakini Mwalimu, aliyekuwa na njia nyepesi ya kusema kwamba mambo ya kale ni ya Mungu, alikubali kutafuta ni kipande gani cha deni la kale ambacho bado kimo mkononi mwa walio hai, akakikuta ndani ya kitabu chake mwenyewe. Wanazuoni wa namna hiyo nimewaona wachache, na hao wachache aghalabu hawana kipaza sauti.

MAMA: Mimi nataka kusema neno juu ya upande wa pili wa radhi, upande wa anayeombwa. Ramadhani ikiingia, aliyedhulumiwa ndiye anayesumbuliwa. Mume amemtelekeza mke miaka, hakuleta hata kibaba, sasa amerudi na kanzu nyeupe; wazee wanakuja kwa mwanamke: msamehe, ni mwezi mtukufu, usipomsamehe saumu yako itaning'inia. Aliyekosa amekaa kimya kama bwana harusi, aliyekosewa anahukumiwa. Ni haki hiyo?

MWALIMU: Kusamehe ni fadhila kubwa. Abubakari alipoapa kukata posho aliyokuwa akimpa jamaa yake Mistah, kwa kuwa Mistah alishiriki kumsingizia Bi Aisha, iliteremka aya ya kumhimiza asamehe kwa kuwa naye anapenda Mungu amsamehe, na Abubakari akairudisha ile posho papo hapo.

MAMA: Kisa hicho nimekisikia tangu utotoni, Maalim, na kila mara kinakatwa hapo. Je, Mistah hakupigwa fimbo?

MWALIMU: Kwa mapokezi yaliyo mashuhuri, alipigwa, haddi ya kusingizia, yeye na wenzake.

MAMA: Haya. Basi haki ilitendeka na posho ikarudi. Na iliyorudi ilikuwa hisani ya Abubakari mwenyewe, wala hakuna aliyemwambia Bi Aisha aseme hakusingiziwa. Sisi tunataka posho irudi na fimbo isiwepo, tena tunataka mwanamke ndiye aitoe hiyo posho. Anayetaka radhi kwa mkewe na alete kwanza nafaka za miaka ile, kisha akae nje ya mlango, aombe, na akikataliwa aende akaombe tena mwakani.

MVUVI: Dada yangu, hapo umewamaliza wanaume wa Kigoma.

MAMA: Wale wenye nafaka wamebaki.

Mwalimu hakumpinga, ila aliongeza kuwa mwenye haki akisamehe kwa hiari, pasipo kusukumwa, ujira wake uko kwa Mungu wala haupimwi kwa sado ya mtu yeyote. Na mama akakubali kwa kichwa. Nami naona kuwa wote wawili walisema jambo moja kutoka pande mbili, jambo ambalo si haba, kwa kuwa katika mabaraza mengi mwanazuoni husema na mama husikiliza nyuma ya pazia. Jua lilikuwa limeshuka, na wapo walioanza kutazama saa. Mvuvi ndiye aliyewazuia.

MVUVI: Nilisema nitarudi kwenye hesabu. Mnakumbuka mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi ziwani tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Siku zilipokaribia, tulivua kwa nguvu, na wengine tukaanika badala ya kuuza wabichi. Kijana mmoja wa chomboni kwangu alikuwa na fungu lake la dagaa wakavu, sado kumi na mbili, amelihifadhi kwangu. Ziwa likafungwa, kazi ikaisha, akavuka kwenda kwa wajomba zake upande wa Baraka, Kongo, akalime. Aliniambia, nitunzie. Ufungaji ulipopamba moto bei ikapanda, nyumbani kwangu hakuna kitu, nikauza. Nikasema atakaporudi nitampa. Hakurudi. Sasa kila nikisikia ya muflisi, namwona yeye.

MWALIMU: Hiyo ni amana, na ulipoiuza pasipo idhini umekuwa ghasibu. Wala huna ruhusa ya mama ya kuwapa mafukara, kwa sababu mtu wako anajulikana. Maboti ya Kongo yanafunga Kibirizi. Uliza, tuma neno kwa wajomba zake, mpigie anayempata. Akiwa hai, apewe. Akiwa amefariki, warithi wake. Mpaka hapo, iwekwe kwa jina lake.

MVUVI: Niweke shilingi ngapi? Dagaa wa leo si bei ya wakati ule.

MWALIMU: Dagaa wana mfano wao, hupimwa, na kinachopimwa hulipwa kwa mfano wake. Unadaiwa sado kumi na mbili za dagaa wakavu, bei ipande ishuke.

MAMA: Na faida je? Aliuza ziwa likiwa limefungwa, wakati sado moja ilikuwa dhahabu. Leo anawarudisha kwa bei ya mtelemko, ile tofauti anaila nani? Si imezaliwa na mali ya yule kijana?

MWALIMU: Wenye elimu wana maneno mengi hapo. Moyo wangu unasema asiile. Lakini sitoi fatwa kwa moyo. Nitafungua Minhaji baada ya Tarawehe, nimtazame na mwenye kuisherehesha.

MAMA: Tazama, Maalim, nasi tusikungoje. Sado kumi na mbili zipimwe Kibirizi kwa kopo langu jipya, mbele ya watu wawili wasio wa chombo chako, na ziandikwe. Ile tofauti ya bei iandikwe karatasi ya pili, fedha yake iwe humo humo. Kitabu kikisema si yake, utarudishiwa.

MVUVI: Lini? Usiku huu niko majini.

MAMA: Ukitoka majini, kabla hujalala.